Mkeka wa Mama Mkwe

Siku hizi wajukuu zangu wanazungumza habari za vidonge, sindano na vijiti vya kuwekwa mkononi mbele yangu bila hata kushusha sauti. Juzi mmoja akaniuliza, "Bibi, nyie enzi za Mwingereza mlikuwa mnapangaje uzazi?" Nikamjibu kweli tupu: mimi nilipangiwa na mama mkwe. Akacheka mpaka chai ikampalia, akidhani namtania.

Sikumtania hata kidogo. Mume wangu alikuwa seremala mjini Tabora, na karakana yake ilikuwa uani, nyuma tu ya nyumba yao. Alipokuwa akijiandaa kunioa alitengeneza kitanda cha mninga, kipana kuliko vitanda vyote vya mtaa ule. Alikipanua kwa majivuno tu, ili wanawake watakaokuja kuchungulia chumba cha bibi harusi watoke wakisema hapa kweli ameoa fundi. Ilibidi fremu ya mlango ing'olewe ndipo kiingie. Hakujua, maskini, kwamba atakayekuja kukilalia ni mama yake, na yeye atahamia sebuleni.

Mimi nilitoka Ntalikwa, kwa wakulima Wamoraviani, nikasilimu nikaolewa. Mama yangu alinuna msimu mmoja wa mavuno kisha akazoea. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa mjini hasa. Babu yake alifika Tabora na misafara ya pembe kutoka upande wa Ujiji, akaona hapa panatosha, akatua mzigo asiubebe tena. Kwa sababu hiyo mama mkwe aliwahesabu watu wote wa vijijini kuwa wageni, hata sisi tuliokuwapo kabla babu yake hajatua. Alikuwa mrefu, mwembamba, na wanja haukumtoka machoni hata alipokwenda kisimani. Kila asubuhi nilimpigia goti na shikamoo yangu, naye aliitikia marahaba huku anakagua kama uwanja umefagiwa. Nilimwogopa, na nilimchukia kidogo pia, si haba.

Mtoto wetu wa kwanza, binti, alinitoa roho nusu. Wakunga wa mtaani walishindwa, nikapelekwa hospitali nikiwa sijitambui. Siku ya kuruhusiwa, mkunga wa pale, mama mmoja wa Bukoba asiyependa maneno mengi, alimwita mume wangu tukakaa naye wote wawili.

"Mkeo tumemrudisha kutoka mbali," alimwambia. "Asishike mimba nyingine mpaka huyu mtoto awe anakimbia. Mkinirudia hapa kabla ya hapo, sikuahidini kitu."

Mume wangu akauliza kwa sauti ya chini sasa tufanyeje. Mkunga akasema Wazungu wana vitu vyao, lakini yeye hakupewa vya kumgawia mtu, kwa hiyo tukae mbali mbali. Akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yetu ya uzazi wa mpango, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa kawaida, mzazi wa siku zile alirudi kwa mama yake akakaa huko mpaka mtoto atembee. Haikuwa kwa ajili ya kumpumzisha tu. Kulikuwa na neno lililotutia hofu kuliko chui: kubemenda. Wazazi wakilala pamoja mtoto akiwa bado ananyonya, watu waliamini maziwa yanachafuka, mtoto anaharisha, anakonda, miguu inalegea, na akifa basi ameuawa na tamaa ya wazazi wake. Mtoto akiharisha tu, mtaa mzima unamtazama mama yake kiunoni. Hakuna aliyeuliza kama amekula kitu kibaya. Walisema amebemendwa, wakamaliza.

Mimi sikupelekwa Ntalikwa. Mama mkwe aligoma. Alisema mjukuu wake hatakulia porini akanyeshewa mvua kama mbuzi. Badala yake, arobaini yangu ilipokwisha na mume wangu akawa ameshakung'uta godoro kwa matumaini, mama mkwe aliingia chumbani na mto wake kwapani na mkeka wa ukindu kichwani. Kwa kuwa ni aibu kubwa mama kulala katika kitanda cha mwanawe aliyeoa, aliutandika ule mkeka juu ya kitanda, akajinyoosha juu yake. Kwa hesabu zake, yeye alilala mkekani. Kitanda kuwapo chini ya mkeka ilikuwa bahati mbaya tu.

Mume wangu alisimama mlangoni, akakitazama kitanda chake cha mninga, akatutazama sisi watatu tulivyojaa juu yake, akaenda kulala sebuleni kwenye busati.

Njia nyingine zilijaribiwa, nisiseme uongo. Mume wangu alikuwa na rafiki aliyerudi kutoka Bama, kwenye vita vya Hitla, aliyekuwa akimsaidia kupiga randa. Rafiki huyo alimpa kiberiti, na ndani ya kiberiti hamkuwa na njiti. Mlikuwa na mpira mmoja, umekunjwa vizuri. Alimweleza kwamba Wazungu waliwagawia askari ili wasilete maradhi kambini, na kwamba unazuia na mimba pia, ila wengi wao waliuvika mdomo wa bunduki usiingie maji. Mume wangu akauficha darini asubiri siku yake.

Siku yake haikufika. Mama mkwe alitafuta kiberiti cha kuwashia moto, akaupata ule mpira, akaugeuza mbele na nyuma, akaona ni kitu cha maana. Jioni tulikuta ameuvuta juu ya mdomo wa chupa yake kubwa ya asali na kuufunga kwa uzi.

"Sisimizi hata mmoja hajaingia," alimwambia mwanawe kwa furaha. "Muulize rafiki yako kama ana mingine."

Mume wangu alitoka nje upesi. Nilimsikia akicheka karakanani mpaka akaanza kukohoa, na mimi nikauma ncha ya kanga machozi yakinitoka. Asali ile tuliila mpaka ikaisha, na mpaka leo sina hakika kama ilikuwa halali.

Mama yangu naye hakukaa kimya. Alikuja kutoka Ntalikwa na kuku, viazi, na pigi. Pigi ni kijiti kidogo cha mti wa dawa, kimetobolewa, kinafungwa kiunoni kwa uzi. Aliningoja mpaka tukawa peke yetu bafuni, akanifunga chini ya shanga, akaninong'oneza sharti lake kwa Kinyamwezi: pigi likae nyuma, usawa wa uti wa mgongo, mimba haiingii, siku mkitaka mtoto, unalivuta mbele kitovuni kwa mkono wako mwenyewe. Sharti hilo halisemwi kwa mtu. Mama anamwambia bintiye, basi.

Mama mkwe aliinusa harufu ya dawa toka sebuleni. "Mkwe," alimwambia mama yangu, "hapa mjini hatufungani vijiti. Hapa tuna mkeka."

Mama yangu akacheka kwa adabu, akala wali wake, akaondoka. Mimi nikabaki nimelindwa mbele na nyuma: nyuma pigi la Ntalikwa, mbele mgongo mkavu wa mama mkwe. Nilikuwa salama kama fedha iliyofungiwa sandukuni, na nilichoka vivyo hivyo.

Ila sharti la mama yangu lilikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba aliyelitunga hakuwahi kutwanga. Ukitwanga mahindi, ukachota maji, ukambeba mtoto mgongoni, uzi unazunguka wenyewe. Asubuhi pigi nyuma, adhuhuri liko ubavuni, jioni limenikodolea macho kitovuni. Mwanzoni nililirudisha kila mara kwa hofu. Baadaye nilizoea, nikawa nalirudisha nikikumbuka.

Mtoto alipokuwa ameanza kutambaa, mama mkwe aliitwa Ujiji kwa harusi ya mtoto wa dada yake. Alihangaika nafsi yake ikagawanyika, kwa maana harusi alizipenda. Mwishowe alipanda treni ya Kigoma, lakini mkeka aliuacha palepale kitandani umetandikwa, kama askari aliyeachwa lindo. Dirishani mwa behewa alitukazia macho mimi na mwanawe mpaka treni ikapotea.

Jioni ile mume wangu alikoga mapema. Alikuja hadi mlangoni na mto wake. Nilikuwa namnyonyesha mtoto, na moyo wangu ulikuwa unadunda, kwa sababu nilimpenda na nilimtamani, kwa nini nifiche nikiwa na umri huu. Akasema, akitutazama, "Siku ile ulipokuwa ukijifungua pale hospitali, nilikuwa nje dirishani. Nilikusikia ulivyolia." Akachukua mto wake, na safari hii hakuishia sebuleni. Alikwenda kulala karakanani kwenye maranda ya mbao, kwa sababu, alisema, sebuleni anasikia ninavyojigeuza. Akalala huko siku zote mama yake alizokuwa Ujiji, akawa anaamka na maranda kwenye nywele. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko ile.

Ulikuwa msimu wa maembe, na nzi walikuwa wengi kuliko watu. Binti yangu alikuwa katika umri wa kuokota kila kitu sakafuni na kukitia kinywani. Mama mkwe aliporudi na mzigo wa dagaa na mawese, alimkuta anaharisha, macho yamezama, hataki uji, hataki chochote ila titi.

Sikuwahi kumwona ametulia vile. Hakupiga kelele. Alimshika mtoto, akamkandamiza tumbo, akamrudisha kwangu. Alipopita kisimani akitoka stesheni, walikwishamwambia. Kulikuwa na jirani mmoja ambaye mdomo wake haukujua kufungwa, na alimpokea kwa lile neno hata kabla hajatua mzigo. Mume wangu alikuwa kazini kwa mteja. Mama mkwe aliniambia nimfuate bafuni, akaniamuru nifungue kanga.

Nilijua nitakachokutwa nacho. Kutwa nzima nilikuwa nimembeba mtoto nikienda naye huku na huku. Pigi lilikuwa limekaa mbele, kitovuni barabara, kama kitu kilichowekwa kwa makusudi.

Mama mkwe alilitazama, akavuta pumzi. "Hamkuweza hata kungoja," alisema.

Akaenda chumbani kwake akarudi na bakuli. Ndani yake kulikuwa na shubiri iliyopondwa, nyeusi, chungu, ile wanayopaka titi mtoto aliache. Alisema maziwa yangu yameharibika, na kila tone ninalompa ni sumu. Mtoto aachishwe leo hii, apewe dawa ya kubemendwa na maji ya mizizi.

Nilimtazama binti yangu. Uji alikuwa ameutema, maji ameyatema. Kitu kimoja tu kilikuwa kinakaa tumboni mwake, nacho kilikuwa kwangu. Nilijua nikipakwa shubiri ile sitakuwa na mtoto. Sikusomea popote, nilijua tu. Hasira ikanipanda, hasira ambayo sikuwahi kuionyesha katika nyumba ile. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Mama, sijalala naye," nilisema. "Kamuulize. Kanusie nywele zake, zinanuka mninga. Na hiyo shubiri ukinisogezea nitaimwaga, unifukuze leo nirudi kwetu."

"Na pigi? Nani amelivuta mbele?"

"Limezunguka lenyewe! Wewe ulitwanga ukiwa na…"

Tulibaki tunatazamana, mimi nusu uchi, yeye na bakuli mkononi. Sharti lile nilinong'onezwa na mama yangu peke yetu, kwa lugha ambayo mama mkwe siku zote alisema haijui. Watu wa mjini hawafungani vijiti, alikuwa amesema. Sasa alijuaje mbele na nyuma?

"Mama," nilimwuliza polepole, "wewe lako lilikuwa linazunguka?"

Aliketi kwenye kigoda cha kuogea. Wanja wake ulianza kuchuruzika kabla sijaona chozi lenyewe. Alisema mama yake mzazi alikuwa Mnyamwezi wa Ziba, jambo ambalo hakuwahi kulitaja mbele ya mtu. Alisema kabla ya mwanawe, mume wangu, alizaa binti. Alifungwa pigi, likazunguka siku ya kupepeta mpunga, na mama mkwe wake akaliona mbele. Mumewe wakati huo alikuwa safarini na mizigo ya watu, hakuwa hata mjini, lakini nani alitaka kusikia. Akapakwa shubiri. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha. Maziwa yalimtoka mama yake yakalowanisha kanga, akawa anayakamua chooni huku mtoto anakufa kwa kiu chumba cha pili.

"Miaka yote nimejiambia lazima nilifanya kitu," alisema. "Nilifikiri labda ndotoni. Mtu hawezi kuambiwa na watu wengi vile na wote wawe wamekosea." Akanitazama. "Wewe hukufanya kitu?"

"Sikufanya kitu, mama."

"Basi na mimi sikufanya."

Alisema hivyo kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea zamani. Kisha akanyanyuka, akamwaga shubiri kwenye mfereji wa maji machafu, akalisuuza bakuli mara kadhaa, akanambia, "Mnyonyeshe. Mnyonyeshe sana. Na mwanangu asijue."

Tulimpeleka mtoto hospitali wote wawili, yeye akitembea mbele kupasua watu. Yule mkunga wa Bukoba alisema niendelee na titi, maji yachemshwe, na embe lililookotwa chini asipewe tena. Mama mkwe alilala macho pembeni yangu, na kila mtoto aliponyamaza alinigusa bega nimpe tena. Siku ile macho ya mtoto yalipoanza kufuata nzi ukutani, alitoka kwenda kisimani bila ndoo. Alikwenda kusema tu.

"Mjukuu wangu alikula embe chafu," aliwatangazia. "Mwenye neno jingine abebe mkeka wake, aje alinde yeye." Yule jirani aliinamia ndoo yake kama aliyeona samaki ndani.

Baada ya hapo tuliishi kwa namna nyingine. Jioni, kabla ya kulala, mama mkwe alininyooshea uzi wangu, akarudisha pigi mgongoni, na mimi nilimpaka mafuta miguuni. Sikumchukia tena. Nilijiuliza tu ni usiku wangapi alilala kwenye mkeka ule akimlinda mtoto mwingine, si wangu.

Binti yangu alichelewa kutembea, na baba yake alikuwa wa kwanza kulalamika. Alimtengenezea kigari cha kusukuma, akampaka mafuta ya alizeti magotini, akamwahidi peremende. Sote tulijua anachokifukuzia. Basi jioni moja tulikuwa uani, yeye amerudi kutoka karakana, mimi nachagua mchele, mama mkwe ameketi kizingitini. Mtoto alishika ukingo wa kigari, akakiachia, akasimama anayumba. Mume wangu akachuchumaa, akamnyooshea mikono. Mimi nami nikamwita. Hakuja kwetu hata mmoja. Aligeuka, akatupa mguu, akatupa mwingine, akaenda kumwangukia bibi yake mapajani.

Mama mkwe alimkumbatia, akamfunika uso kwa kanga, akamwita kwa jina. Halikuwa jina la binti yangu. Lilikuwa jina ambalo halikuwahi kutajwa katika nyumba ile, na alilirudia, akalirudia tena, huku anambusu utosini.

Mume wangu alibaki amechuchumaa, mikono bado imenyooka mbele. "Mama," aliuliza, "huyo ni nani?"

Mama mkwe alinitazama mimi kwanza, kisha mwanawe.

"Dada yako," alisema. Akanipa mtoto, akaingia ndani kwenda kukunja mkeka.